Kisiwa Chetu Tulipokiona kutoka Majini



Wengi wetu tumezaliwa katika kisiwa hiki, tukasomeshwa chuoni humu humu, tukaolewa na kuzaa humu. Vichochoro vya Mji wa Kale twavipita usiku bila taa na hatupotei. Lakini siku moja, baada ya darasa letu la wanawake, tulipoulizana ni nani kati yetu aliyewahi kuutazama mji huu akiwa baharini, iliinuka mikono miwili tu. Mgeni anayekaa Mombasa siku tatu hupelekwa kwa mashua akauona. Sisi tuliokaa miaka hamsini hatujauona. Jambo hilo lilitutia haya kidogo, na haya hiyo ndiyo iliyotupandisha chomboni.

Tulikuwa wanawake tisa na watoto kumi na wanne, pamoja na mume wa mmoja wetu aliyekubali kufuatana nasi. Mkubwa wetu sote alikuwa mama mmoja wa Kibokoni ambaye hakutaka jina lake litajwe, nasi tutamwita Bimkubwa kama tumwitavyo siku zote. Bimkubwa hakuwa amepanda chombo cha aina yoyote tangu Aprili 1994. Hata arusi ya mjukuu wake iliyofanywa Likoni hakuhudhuria. Alipeleka dua na zawadi, akabaki nyumbani. Hatukuwahi kumuuliza sababu, kwa kuwa sote twaijua. Tulipopanga safari hii tulidhani atatuombea heri na kubaki. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mkienda, nami nitakwenda."

Kuchagua siku na chombo

Wazee wetu walijua maji yatajaa saa ngapi kwa kutazama mwezi. Sisi tunaohesabu miezi kwa kuandama tuna kalenda ya bahari mikononi mwetu, ila wengi wetu tumeisahau matumizi yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu siku ya kumi na nne na ya kumi na tano, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo huwa na nguvu. Mwezi unapofika tarehe nane au tisa, na tena ishirini na mbili au ishirini na tatu, huja maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Hapa kwetu siku za bamvua maji hujaa karibu na alfajiri na tena baada ya alasiri, na hupwa kabla ya adhuhuri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa katikati ya asubuhi. Kwa safari yenye watoto na wazee tulishauriwa maji mafu, nasi tukachagua Jumamosi moja ya likizo ya Desemba, mwezi wa Kiislamu ukiwa tarehe nane.

Chombo cha kwanza tulichoonyeshwa tulikikataa. Mwenyewe alisema tutatosha sote na watu kumi zaidi tukipenda, lakini jaketi za kuokoa maisha alizokuwa nazo zilikuwa sita. Tulipomuuliza za watoto, alicheka. Tulimshukuru tukaondoka. Cha pili kilikuwa mashua kubwa ya mbao yenye tanga na mashine. Idadi ya abiria ilikuwa imeandikwa ubavuni, jaketi za wakubwa na za wadogo zimetundikwa mahali pa kuonekana, na nahodha wake, mzee wa makamo, alituonyesha cheti cha ukaguzi kabla hatujakiuliza. Tulipatana bei, muda na njia siku hiyo hiyo, ili asubuhi ya safari pasiwe na maneno.

Tuliteremka ngazi za Bandari ya Kale saa mbili asubuhi. Watoto waliingia kwanza, wakihesabiwa mmoja mmoja. Bimkubwa alisimama kwenye ngazi ya mwisho, maji yakimgusa viatu, akasimama muda. Hakuna aliyemhimiza. Nahodha, aliyekwisha kuelewa jambo bila kuambiwa, hakumnyooshea mkono. Alimnyooshea upondo, ncha moja akaishika yeye na ya pili ikakaa mbele ya mama yule. "Shika huu, Bimkubwa. Hauvunjiki." Bimkubwa aliushika, akasema Bismillahi, akatia mguu. Tulipoondoka tulisoma pamoja dua ambayo Qur'ani yatueleza kuwa Nabii Nuhu, amani iwe juu yake, aliisema alipowaambia watu wake wapande safinani.

Uso wa mji

Mashua ilipofika katikati ya maji, nahodha alizima mashine ili tutazame. Hapo tulielewa jambo ambalo hatukulielewa kwa kuishi ndani ya mji. Mvita imejengwa ikitazama bahari. Vichochoro tunavyovijua ni mgongo wake. Uso wake ni huu uliosimama juu ya jabali la matumbawe: nyumba za mawe zimepangana bega kwa bega, roshani za mbao zimetokeza mbele, na madirisha yamefunguka kuupokea upepo. Mtu aliyekuja Mombasa zamani alikuja kwa njia hii, na hili ndilo jambo la kwanza aliloliona.

Ibn Battuta alifika kisiwani hapa mwaka 1331. Aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafi, akawasifu kwa uchaji na wema, akaeleza kuwa misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwamba walikula ndizi na samaki, nafaka wakiletewa kutoka bara. Alieleza hata jinsi watu walivyoteka maji ya kisima na kuosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Watoto walilipenda jambo hilo kuliko yote, kwa sababu wao wenyewe huosha miguu vivyo hivyo kila siku, wasijue kuwa mgeni mmoja aliliona jambo hilo likamfurahisha karibu miaka 700 iliyopita.

Misikiti ya mbao haikudumu, lakini ya mawe iliyoifuata bado iko. Nahodha alituonyesha upande ulipo Msikiti wa Mandhry, ambao mwaka wake wa kujengwa hutajwa kuwa 1570. Maana yake adhana ilikwisha kusikika pale kabla jiwe la kwanza la Ngome ya Yesu halijawekwa.

Bimkubwa, ambaye mpaka hapo alikuwa ameushika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, aliachia mkono mmoja akaanza kuonyesha. "Ile yenye roshani ya kijani, pale chini palikuwa na ghala ya tende. Ile ya pili yake, walikaa washonaji wa kofia. Mwaiona ile iliyobomoka? Mimi nilitolewa nikiwa bi arusi nyumba ile." Watoto waliacha kuchezea maji wakamsogelea. Binti mmoja wa miaka kumi na mmoja alitoa daftari akaanza kuandika.

Nyumba ile iliyobomoka haikuwa peke yake. Kutoka majini huonekana wazi ambayo kichochoroni hufichwa na ukuta wa jirani: dari zilizoanguka, boriti zilizooza, na katikati ya nyumba za zamani majengo mapya ya saruji yasiyo na roshani. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuna ofisi inayosimamia uhifadhi wake. Hata hivyo nyumba ya urithi yenye warithi ishirini, kila mmoja na mji anaokaa, haiokolewi na tangazo. Huokolewa na warithi wanaokaa kitako wakakubaliana. Sheria ya mirathi imempa kila mmoja fungu lake. Kukaa kikao ili jengo lisianguke juu ya mafungu hayo ni juu yetu.

Majahazi na waliyobeba

Bandari ile leo ina utulivu. Siku za wazee wetu haikuwa hivyo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba, majahazi yaliteremka kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakijaa tende, mazulia, chumvi na samaki mkavu. Mabaharia walikaa mjini miezi kadhaa wakingoja kusi, na ilipoanza kuvuma, kiasi cha Aprili, walirudi na boriti za mikoko na bidhaa za bara. Wengine waliacha wake na watoto hapa, na wengine hawakurudi kwao kabisa. Ukoo mwingi wa kisiwa hiki ulianza kwa pepo hizo mbili. Kazi kubwa za meli zilipohamia gati za kina kirefu za Kilindini katika miaka ya 1920, Bandari ya Kale ilibaki na vyombo vidogo, na mwaka hadi mwaka milingoti ikapungua.

Mtoto mmoja wa kiume aliuliza kama majahazi yalibeba watumwa. Tulitazamana. Ilikuwa rahisi kusema kuwa hayo ni mambo ya kale na kumwonyesha ndege. Tulimwambia ndiyo, yalibeba; tukamwonyesha ng'ambo ya pili ya maji, upande wa Kisauni, ambako mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza walianzisha kijiji cha Freretown kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka katika vyombo vya biashara hiyo. Kengele ya kijiji kile ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, jina ambalo makondakta wa matatu hulitaja kutwa mara mia. Waliokaa kule walikuwa watoto wa watu, na baadhi ya waliowauza walikuwa watu wa pwani hii. Mtoto alinyamaza, kisha akasema, "Basi wale walikuja kwa bahari hawataki." Tulimwambia ni kweli.

Kuingia hori ya Tudor

Maji yalipokuwa yakiendelea kujaa, tulifuatana nayo kuelekea kaskazini. Tulipita chini ya Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Wazee waliokuwamo walikumbuka daraja la kabla yake, lile la kuelea la mwaka 1931, lililopanda na kushuka na maji. Kutoka juu ya daraja la sasa mtu huona magari tu. Kutoka chini ulisikia ngurumo yao huku kando yako mvuvi ameketi ndani ya mtumbwi, anavuta mshipi kama hana habari nao.

Upande wa kulia, bara, kuna Kongowea. Leo jina hilo tunalijua kwa soko, lakini ni jina la kale linalohusishwa na mji wenyewe. Masimulizi ya Mvita hayaanzi na mwanamume. Yanaanza na Mwana Mkisi, malkia ambaye wazee humhesabu kuwa ndiye aliyeuasisi mji wa kwanza, kabla ya Shehe Mvita, Mwislamu ambaye jina lake limebaki kuwa jina la kisiwa. Mabinti wetu walikuwa wakisikia jina la Mwana Mkisi kwa mara ya kwanza, na tulijiuliza wenyewe ni kwa nini. Majina ya makapteni wa Kireno wameyasoma shuleni.

Mbele zaidi hori ilipanuka, kelele za mji zikabaki nyuma, na mikoko ikatuzunguka pande mbili. Nahodha alituonyesha mkoko wenyewe unaosimama juu ya mizizi yake kama aliyejifunga kwa safari, mkandaa, mchu, mui na mlilana. Hii ndiyo miti iliyojenga nyumba zetu. Boriti ya mkoko haiwi ndefu; ikizidi takriban mita tatu haiwezi kubeba dari ya mawe. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba, na mama wa nyumba anayelalamika kuwa kitanda cha kisasa hakizunguki chumbani mwake analalamikia urefu wa mti huu.

Mikoko ni malezi ya samaki, kaa na kamba, nayo hushika udongo usiteremke baharini. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta matope mengi katika hori za Mombasa yakafunika mizizi ambayo mti huvutia pumzi, na sehemu kubwa ikafa. Vikundi vya wakazi wa kando ya maji, wengi wao wanawake, wamekuwa wakipanda upya. Lakini pia tuliona mifuko ya plastiki iliyonasa mizizini na mifereji ya maji machafu inayomwagika horini kutoka mjini. Huwezi kuketi pale ukasema uchafu ule ni wa wengine. Tuliutambua: chupa za mafuta ya kupikia tunayopikia, pakiti za maziwa tunayokunywa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kuchafua njia wanazopita watu na maji wanayoyategemea. Hori hii ni vyote viwili.

Ngome

Saa nne na nusu maji yalikwisha kujaa, yakasimama, kisha yakaanza kutoka nasi tukatoka nayo. Tulirudi mbele ya mji na kuipita Ngome ya Yesu kwa chini.

Kila mwenyeji ameingia Ngomeni angalau mara moja na shule. Kuiona kutoka majini ni jambo jingine. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliana, na waliiweka juu ya jabali mahali ambapo hakuna chombo kingeingia bandarini bila kupita mbele ya mizinga yake. Ukiwa ndani ya mashua ndogo chini ya kuta zile, unahisi shingoni mwako lengo la waliozijenga.

Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyechukuliwa Goa angali mtoto akalelewa katika Ukristo na kupewa jina la Dom Jerónimo, aliurudia Uislamu na kuitwaa ngome hii kutoka kwa Wareno, ingawa hakudumu nayo. Kisha ukaja mzingo wa Waomani, ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698. Miaka miwili na miezi tisa watu walikufa ndani kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi, na waliokuwamo hawakuwa Wareno peke yao; walikuwamo wenyeji waliokuwa upande wao, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1697 merikebu Santo António de Tanna iliyokuja kuwasaidia ilizama hapa hapa. Wataalamu wa mambo ya kale waliuchunguza mabaki yake chini ya maji kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vimo katika jumba la makumbusho la Ngome. "Tuko juu yake sasa hivi?" aliuliza mtoto. Nahodha alijibu, "Karibu na hapa, mwanangu," na watoto wote wakainamia maji wakitazama.

Baadaye ngome ilikaliwa na Wamazrui, ikawa jela kuanzia 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Karibu na kuta zake ni makaburi ya Wamazrui, ambako alizikwa Profesa Ali Mazrui mwaka 2014, baada ya maisha marefu ya kufundisha Marekani. Alitaka kurudishwa hapa. Tuliwasomea Fatiha wote waliolala pale, tukaendelea.

Upande wa Likoni

Mlango wa bahari ulipokaribia, upepo wa kaskazi ulitupiga na mashua ikaanza kucheza. Maji yanayotoka yalikutana na mawimbi yanayoingia. Watoto wawili walitapika, na mmoja wetu mkubwa, ambaye tumeahidi kumsitiri, alifanya vivyo hivyo. Nahodha alipunguza mwendo akaikata mikondo kwa ubavu. Upande wetu wa kulia ilikuwa Ras Serani na mibuyu ya Mama Ngina, ile ile ambayo jioni huketi chini yake tukila mihogo ya kukaanga. Mbele ilifunguka njia ya Kilindini, jina linalotuambia wenyewe kuwa hapa ni penye kilindi. Meli kubwa ya makontena ilikuwa ikiingia. Ilipita kwa mbali kimya, na bado ilitufanya tuonekane kama kifuu juu ya maji.

Nahodha alisimama hapo. Ndani ya njia ile, alisema, ni mahali pa meli na vivuko, na chombo cha matembezi hakina ruhusa ya kucheza mbele yao. Tuliviona vivuko vya Likoni vikipishana, vimejaa watu waliosimama.

Bimkubwa aliuliza, "Mtongwe ni upande gani?"

Nahodha alimwonyesha kwa mkono. Kwa hapo haikuonekana. Ni mbele zaidi ndani ya njia, upande wa kusini.

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, kilichopakia watu kupita kiasi, kilipinduka karibu sana na pwani, na watu 272 wakafa. Walikuwa wakienda kazini na sokoni. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Bimkubwa, wa tumbo moja. Siku ile alikuwa amembebea dada yake muhogo na nazi kutoka shamba.

Hatutaeleza zaidi kuliko alivyotueleza mwenyewe, naye alieleza kidogo. Alisema kuwa kwa miaka yote hii aliogopa kuwa akiyaona maji yale atamlaumu Mwenyezi Mungu, na kwa hiyo aliona afadhali asiyaone. Aliinua mikono akaomba dua, nasi tukaitikia amina, na nahodha na mabaharia wake wawili wakaitikia. Afaye maji twafundishwa kuwa ana daraja ya shahidi. Bimkubwa alikuwa akilijua hilo tangu zamani na amewaambia wengine wengi waliofiwa. Alipomaliza alijifuta uso kwa mtandio, akamtazama binti mwenye daftari, akamwambia, "Andika na jina la Mtongwe. Ni la kwetu pia." Kisha akamwambia nahodha, "Haya, baba, turudishe. Watoto wana njaa."

Kurudi

Tulirudi kwa mashine dhidi ya maji, na kabla ya kuingia bandarini nahodha alipandisha tanga kwa muda mfupi ili watoto waone upepo unavyofanya kazi. Tulikula mahamri na mbaazi tulizozibeba, tukanywa tangawizi. Takataka zetu zote tuliziweka katika kikapu kimoja tukarudi nazo. Adhana ya adhuhuri ilitukuta tukipanda ngazi, na kwa mara ya kwanza tulikuwa tumeisikia ikitoka misikiti mingi kwa pamoja, juu ya maji, kabla haijaingia vichochoroni.

Kwa familia zitakazopenda kufanya safari kama hii, haya ndiyo tuliyojifunza. Tazameni tarehe ya mwezi na mchague siku za maji mafu. Kama mwataka hori tu, ondokeni maji yanapojaa mrudi yanapotoka. Muulize nahodha idadi ya abiria anayoruhusiwa, mhesabu jaketi wenyewe, na kila mtoto avae yake kabla ya chombo kung'oa nanga. Mkiona chombo kimezidi watu, shukeni, hata kama mmekwisha kulipa. Mlango wa bahari si mahali pa watoto wachanga wala siku za kusi kali. Hori ya Tudor yatosha. Vaeni nguo nyepesi chini ya buibui, na viatu visivyoteleza. Bebeni maji ya kunywa na ndimu kwa mwenye kichefuchefu. Pangeni saa zenu kwa kufuata sala.

Na la muhimu kuliko yote, nendeni na mzee. Kitabu kitawapa miaka ya Ngome, lakini hakitawaambia ghala ya tende ilikuwa nyumba ipi. Daftari la binti yule lina majina thelathini na moja ya mahali, na kumi na saba kati ya hayo hatukuwa tunayajua sisi mama zake. Bimkubwa amemwita nyumbani kwake Kibokoni Jumapili hii, kwa kuwa, asema, kuna mengine aliyoyasahau akiwa chomboni.

Mjukuu wa Likoni amejifungua majuzi, alhamdulillahi. Bimkubwa ametuuliza ni nani atakayekuwa na nafasi ya kuvuka naye siku ya akika. Tumemjibu kuwa tutavuka sote.